Kwenda Rahisi, Kukaa Ghali

Mlinzi hakusema neno. Aliutazama mkoba wangu, akazitazama ngazi za marumaru nilizozikalia, kisha akaninyooshea kiganja kuelekea mlangoni kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni sebuleni. Ila sebule yenyewe ilikuwa nje, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Lilikuwa duka kubwa la ghorofa kadhaa mjini Hong Kong, linalonukia manukato, sakafu yake inang'aa kama sinia la harusini. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri. Sikuja kununua wala kuiba. Nilitaka kukaa tu.

Nilipokuwa nafunga koti ndipo nikakumbuka kwamba katika ghorofa zote nilizopita humo sikuona kiti hata kimoja kisichokuwa cha mkahawa. Ngazi za umeme zilikuwa kila upande, zikipandisha watu na kuwashusha bila kudai senti. Ningeruhusiwa kuzunguka humo kutwa nzima. Kukaa dakika kumi, hapana.

Sisi watu wa Unguja hatulifikirii sana suala la kukaa. Nyumba za Mji Mkongwe zina baraza za mawe mbele ya milango, na mpita njia akichoka hukaa, haulizwi amekuja kwa nani. Barazani hupigwa soga, huchezwa bao, hunywewa kahawa, na siasa hujadiliwa mpaka watu wakanuniana, kesho yake wakarudi palepale. Hata sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Michenzani tuna vibaraza vyetu chini ya ngazi. Hata hivyo tuna methali isiyompenda mkaaji: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hiyo ndiyo niliyoondoka nayo. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari. Nilidunduliza miaka mitatu, nikapata tiketi na akiba ya dola 35 za Kimarekani kwa siku, kulala, kula na nauli vyote humo, kwa mwezi mmoja wa likizo. Nilitaka kuiona miji mipya ya Asia kabla magoti hayajaanza kulalamika.

Nilianzia Guangzhou, kusini mwa China, kwa kuwa huko nilikuwa na mwenyeji: dada mmoja wa mtaani kwetu, mwenye duka la nguo Darajani, ambaye huenda kufunga mzigo. Alipanga chumba Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wameuzoea kwa miaka mingi. Asubuhi ya kwanza niliteremka kutafuta chai, nikasikia mtu nyuma yangu akigomba kwenye simu: "Nimekwambia blauzi, si gauni!" Nimevuka bahari nzima nikaikuta Kariakoo. Dada alisema hiyo si kitu. Kabla ya korona Waafrika walikuwa wengi zaidi, na jioni njia ilikuwa haipitiki.

Kazi yangu ilikuwa kumbebea mifuko. Kwenye majengo ya jumla, bei hujadiliwa bila lugha. Muuzaji anaandika tarakimu kwenye kikokotoo, anakigeuza. Dada anafuta, anaandika yake, anakigeuza. Wanaendelea hivyo mpaka mmoja acheke. Baada ya hapo huja hesabu za mita za ujazo, ambazo wenyewe huziita sibiemu, maana mwenye mzigo mdogo hununua nafasi ndani ya kontena pamoja na wenzake. Tulimaliza majengo manne kabla ya adhuhuri. Nilipomuuliza wapi pa kupumzika alicheka, akalipiga kofi robota la suruali. "Kalia hili, mwalimu. Kiti cha huku ni mzigo wako."

Alikuwa amenionya pia nisitembee na noti. Sikumsikiliza. Jioni niliingia kwa muuza tambi, Mwislamu wa Kichina mwenye kofia nyeupe, anayeuvuta unga kwa mikono miwili mpaka ukawa nyuzi. Nilipompa noti ya yuan 100 alinitazama kama konda aliyelipwa nauli kwa karafuu. Kila mteja pale alikuwa akiielekeza simu yake kwenye karatasi yenye msimbo iliyobandikwa ukutani, kama sisi tunavyolipa kwa simu, ila kwao hata muuza viazi vya kuchoma ana karatasi yake. Kijana wake alizunguka maduka matatu kunitafutia chenji. Kesho yake dada akaniunganisha, nami nikawa natembea mji mzima bila kugusa pesa. Treni ya chini ya ardhi ilinipeleka popote kwa yuan chache. Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, niliuangalia kutoka ng'ambo ya mto Zhujiang, ambako hakuna tiketi.

Kilichonishangaza zaidi ya mnara ni wazee wa Bustani ya Yuexiu. Bustani hiyo ina sanamu ya mbuzi watano, maana hadithi ya mji inasimulia kwamba wahenga wasiokufa walishuka wamewapanda mbuzi hao wakiwaletea wenyeji nafaka. Wazee huja na vigoda vya kukunja, vidogo kama vya kukunia nazi, na chupa za maji ya moto. Wanavikunjua chini ya miti, wanacheza karata, wanagombana, wanavikunja, wanaondoka navyo kwapani. Jioni kina mama hupanga mistari mbele ya spika yenye magurudumu na kucheza ngoma mpaka usiku. Jirani na bustani uko msikiti wa Xianxian, wenye kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana maneno yao, lakini siku ya Ijumaa hakuna anayewauliza. Baada ya sala niliegemea ukuta saa nzima, huku Watanzania wawili karibu yangu wakinong'onezana bei ya viatu. Hakuna aliyeninyooshea kiganja.

Treni ya kasi kutoka Guangzhou hadi Hong Kong huchukua kama saa moja. Nilifikia Chungking Mansions, jengo la mwaka 1961 lenye ghorofa 17, lililoko barabara ya Nathan, mahali ambapo Mhindi, Mpakistani, Mnaijeria na Mkongo wanabadilishia fedha, wanauziana simu na wanakula sambusa. Gesti zimerundikana humo kama vitasa kwenye mlango mmoja. Kila kitalu kina lifti mbili, moja ya ghorofa za namba shufwa na nyingine ya witiri, na foleni ya kuzisubiri ni ndefu kuliko ya sukari ya enzi zile. Chumba changu kilikuwa cha aina yake: nikinyoosha mikono, viganja viligusa kuta zote mbili. Ni chumba cha kulala, na ukiamka hakina kazi nyingine. Kwa hiyo kuanzia asubuhi nilikuwa mtu wa nje.

Ndipo nilipoanza kuielewa Hong Kong. Mji ule umefanya kwenda kuwe rahisi kupita kiasi. Kivuko cha Star Ferry kinakuvusha bandari, na mandhari ambayo matajiri huilipia hotelini, kwa dola chache za huko. Upande wa pili kuna ngazi za umeme za mtaani, zilizofunguliwa mwaka 1993, zenye urefu wa mita zaidi ya 800 zinapopanda mlima: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne zinashusha watu kazini, kisha zinageuzwa na kupandisha hadi saa sita usiku. Bure. Nilizipanda mara tatu siku moja. Pembeni kote ni mikahawa na baa, na kila kiti kina bei yake.

Nikagundua dawa. Hong Kong ina tramu zilizoanza mwaka 1904, sasa za ghorofa mbili, ambazo wenyeji huziita "ding ding" kwa mlio wa kengele zake. Nauli ni moja, kama dola 3 za Hong Kong, uende kituo kimoja au uende mwisho wa njia. Nilipanda juu, nikakaa mbele kabisa, dirisha wazi, nikaenda mpaka mwisho na kurudi. Sikuwa na niendako. Nilikuwa nimekodi kiti, na kiti kile kilitokea kuwa na magurudumu.

Halafu ikaja Jumapili. Nilishuka eneo la Central, penye mabenki, nikitarajia kulikuta tupu. Nikakuta wanawake. Maelfu. Wamekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, kandokando ya barabara, na chini ya makao makuu ya benki ya HSBC, jengo la mwaka 1985 la msanifu Norman Foster, ambalo limenyanyuliwa juu ya nguzo na kuacha uwanja wazi chini yake. Viatu wamevivua na kuvipanga ukingoni mwa boksi kama mlangoni pa nyumba. Wengine wanasukana, wengine wanapakana rangi za kucha, wengine wamelala. Vipande vya boksi vingine vimesimamishwa kuwa kuta.

Nilisimama kuangalia kwa muda ambao haukuwa wa heshima. Mmoja wao, mtu mzima, akaniita: "Kuya!" Baadaye nilielezwa kwamba kwa Kifilipino ni kaka. Akaligonga boksi kwa kiganja, vilevile dada alivyoligonga robota kule Guangzhou. Nilivua viatu, nikakaa ukingoni. Nikapewa sahani ya tambi.

Ni wafanyakazi wa ndani. Hong Kong inao zaidi ya laki tatu, wengi kutoka Ufilipino na Indonesia. Waindonesia wengi hukusanyika bustani ya Victoria, Wafilipino huku. Sheria inawalazimu kuishi nyumbani kwa mwajiri, na inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki. Maana yake, alinieleza yule mama, siku ya mapumziko hana kwake. Akibaki nyumbani ataonekana, akionekana atatumwa. Basi hutoka asubuhi na boksi lake, miaka kumi na minne sasa, na mahali pao ni pale pale, nguzo ya tatu kutoka barabarani. Wenzake wote wanatoka mkoa mmoja. "Ukitupoteza," alisema, "njoo nguzo ya tatu."

Nina dada, binti wa shangazi yangu, ambaye yuko Maskati kwa kazi hiyohiyo. Kila Idi hutuma pesa na picha. Nimempigia simu mara nyingi: hali yake, afya yake, lini atarudi. Nikiwa pale juu ya boksi nikatambua kwamba sijawahi kumuuliza siku yake ya mapumziko huikalia wapi.

Bangkok niliingia na miguu iliyovimba. Joto lake ni la kwetu, la Februari kabla ya masika, na vurugu zake ni za kwetu pia: vijana wa pikipiki wenye vizibao vya rangi ya chungwa wanaosubiri abiria vichochoroni, ambao ungewaita bodaboda wakageuka. Juu ya nguzo treni za umeme zinapita tangu 1999, ndani yake baridi kama jokofu. Mimi niliupenda zaidi usafiri wa chini, boti za mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa katika karne ya 19. Boti haikai gatini, husimama sekunde chache tu, nawe unaruka. Konda amevaa helmeti na anatembea ukingoni, nje kabisa ya boti, ameshika kamba kwa mkono mmoja na kupokea nauli kwa mwingine. Abiria wa pembeni huvuta turubai juu boti nyingine inapopishana nasi, maana maji yale hayafai kuingia mdomoni. Nauli haifiki dola moja.

Jioni nilikwenda bustani ya Lumphini. Kuna kenge humo, wakubwa, wanaoogelea ziwani na kutambaa majanini kana kwamba ni shamba lao. Watu wanakimbia mazoezi, mamia kwa mamia, wakizunguka njia. Ilipogonga saa kumi na mbili kamili vipaza sauti vikaanza kupiga wimbo wa taifa, na wote wakasimama. Mwenye mguu mbele aliuacha mbele. Muuza maji alisimama. Nami nikasimama. Kenge peke yake ndiye aliyeendelea na safari. Wimbo ulipokwisha, watu wakaendelea na mbio kama filamu iliyoachiwa.

Usiku wa Bangkok unakaliwa kwenye vigoda vya plastiki. Vinatokea magharibi kando ya barabara, na supu ya tambi ya dola mbili inakupa haki ya kigoda mpaka usingizi ukushike, hakuna anayekuharakisha. Asubuhi hupandanishwa, hufungwa kamba, na njia inarudi kuwa njia. Lakini tangu 2014 mamlaka za mji zimekuwa zikiwaondoa wachuuzi katika mitaa mingi ili waenda kwa miguu wapite. Hoja yenyewe niliijua. Mwishoni mwa 2021 ndiyo iliyowaondoa machinga kando ya barabara za Dar es Salaam. Anayepita akiachiwa nafasi, mara nyingi huichukua kutoka kwa aliyekaa.

Nilishuka kusini kwa treni ya usiku hadi mpakani Padang Besar, nikapita Kuala Lumpur siku mbili, nikayatazama majengo pacha ya Petronas kutoka chini, mita 452, kisha nikayapa mgongo na kwenda kula roti canai, ambayo kwa lugha yetu ni chapati ya kusukuma kwa mafuta mengi, kwenye mkahawa usiofungwa usiku wala mchana.

Singapore ndiyo niliyoiogopa. Kitanda cha bweni kilichukua zaidi ya nusu ya dola zangu 35. Nilijua pia habari za faini, na kweli mabango yapo: usivute sigara hapa, usile ndani ya treni. Chakula kiliniokoa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ile iliwaondoa wachuuzi wa barabarani, lakini iliwajengea kwanza pa kwenda: majengo yenye paa, maji ya bomba, mifereji, vibanda mamia, na katikati meza na viti vya kila mtu. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Wali kwa kuku niliununua kwa chini ya dola 5 za Kimarekani, nikatafuta meza. Nikaiona moja tupu, ina pakiti ya tishu tu juu yake. Nikaisogeza pakiti, nikakaa.

Mama mfagiaji alinijia akitikisa kichwa kama mwalimu mwenzangu. Pakiti ile, alinieleza, ni mtu. Ukiacha tishu mezani umekwishakaa, hata kama mwili wako uko kwenye foleni. Nilihama, nikiwaza kwamba katika safari nzima sikuwahi kuona mji uliokipa kiti heshima namna hiyo. Nilipomaliza nikarudisha sinia mwenyewe. Kuliacha ni kosa tangu 2021.

Siku ya mwisho nilipanda treni hadi Toa Payoh. Ni mmoja wa miji ya mwanzo ya shirika la nyumba la serikali, HDB, lililoanzishwa 1960. Karibu watu wanane kati ya kumi wa Singapore wanaishi kwenye maghorofa ya shirika hilo. Nilitaka kuyaona kwa sababu ya Michenzani, ambako maghorofa yetu yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, miaka hiyohiyo. Nilichokikuta sikukitegemea. Chini ya jengo hapana nyumba. Ghorofa ya chini imeachwa wazi, nguzo na upepo tu, na humo mna meza za saruji zilizochorwa miraba ya kuchezea na vigoda vya mviringo vilivyopandwa sakafuni. Wamalay hufungia harusi zao humo, Wachina huwekea misiba yao humo. Ukutani palikuwa na tangazo la kukataza mpira. Watoto walikuwa wanacheza mpira chini yake.

Mzee wa Kimalay alikuwa peke yake mbele ya kete. Alinionyesha kigoda cha pili. "Dam," alisema. "Dama," nilimjibu, na mchezo ukaanza. Aligonga meza akasema "meja", nikasema meza. Akanyooshea kidole bendera iliyoning'inia dirishani, na hapo hatukuhitaji kutafsiri kitu, maana kwake pia ni bendera. Wareno walifika kwetu, walifika na Malaka kwao, wakatuachia maneno ya samani na alama za dola. Alinifunga michezo mitatu mfululizo. Mvua ilipita, jua likarudi, kivuli cha jengo kikahama upande. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimekwenda bure, tena kwa bidii, na picha za minara ninazo. Lakini hesabu ya nilivyookota ilikuwa fupi na iliyonyooka: robota la suruali, ukuta wa msikiti, nguzo ya tatu, kigoda cha plastiki, na hapa. Vyote nilivipata nimekaa.

Nimerudi Unguja. Kuna nyumba moja karibu na Darajani iliyogeuzwa gesti, na juu ya baraza yake vimepangwa vyungu vya maua, vizuri sana, kimoja kila hatua, hata mtoto hapati pa kuweka kitako. Nimepita mbele yake kwa miaka mingi bila kuona. Sasa ndicho kitu cha kwanza ninachokiona.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda Jaws Corner, nikakaa barazani, nikasubiri mtembeza kahawa agonganishe vikombe vyake. Kisha nikampigia simu binti wa shangazi huko Maskati. Baada ya salamu zote nikamuuliza siku yake ya mapumziko huikalia wapi.

Alinyamaza kidogo. "Leo umeamkaje, kaka?" Kisha akasema, "Mutrah. Kwenye ukuta wa pwani, mbele ya bahari. Tuko kina sisi wengi, wa Tanga, wa Mombasa, na wawili wa Bujumbura."

"Na kahawa?"

"Kahawa tunabeba wenyewe."